Kuchagua Skrini ya Kuchorea Ukiwa Mwanza: Mwongozo kwa Wachoraji wa Kidijitali

Skrini yangu ya kwanza ya kuchorea ilikaa ndani ya boksi lake kwa siku kumi na tisa. Ilikuwa imesafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam, ikafika stendi ya Nyegezi bila mkwaruzo, nami nikaipeleka Kirumba kwa bodaboda nikiwa nimeikumbatia kifuani. Usiku huohuo nikagundua kwamba tundu la USB-C la kompyuta mpakato yangu lilikuwa la kuchajia na kuhamishia mafaili tu na halikupitisha picha, na kwamba waya wa vichwa vitatu ambao ungeniwezesha kutumia tundu la HDMI ulikuwa unauzwa peke yake. Muuzaji hakuniuliza nina kompyuta gani, nami sikujua kwamba swali hilo lilipaswa kuulizwa. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na kazi na kompyuta ya mchoraji, unapitia umeme na meza yake, na kuifikia skrini yenyewe baadaye kuliko mnunuzi mwenye hamu angependa.

Ninaposema skrini ya kuchorea, ninakusudia kifaa bapa chenye kioo kinachounganishwa na kompyuta, ambacho mchoraji huchora juu yake moja kwa moja kwa kalamu maalumu. Wengi hukiita tableti au kishikwambi, lakini kishikwambi kina kompyuta yake ndani na betri yake, ilhali skrini ya kuchorea haiwezi kufanya lolote mpaka iunganishwe na kompyuta na kupewa umeme.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba skrini ndiyo unayoihitaji

Mchoraji ana njia tatu mbele yake. Ya kwanza ni ubao wa kuchorea usio na skrini, yaani bapa la plastiki linalolazwa mezani, ambapo mkono huchora huku macho yakitazama kompyuta. Ya pili ni skrini ya kuchorea. Ya tatu ni kishikwambi kinachojitegemea, kama vile iPad pamoja na Apple Pencil, au Samsung Galaxy Tab ya jamii ya S, ambayo matoleo yake mengi huja na kalamu ya S Pen ndani ya boksi.

Ubao usio na skrini haustahili dharau unayotupiwa. Hutumia umeme kidogo unaotoka kwenye tundu la USB, hauna kioo cha kupasuka, hauilazimishi shingo kuinama, na bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya skrini. Ugumu wake uko katika kuuzoea, kwa kuwa siku za mwanzo mkono na jicho havipatani na mstari uliokusudiwa kupanda huishia pembeni, na wengi huuacha siku ya tatu ilhali baada ya wiki tatu au nne wangeusahau ugumu huo. Anayehariri picha, anayesafisha michoro aliyoichora karatasini, au anayejifunza huku bado hajapata mteja hata mmoja, aununue ubao huo bila kuona haya. Skrini hurudisha gharama yake kwa mtu ambaye kazi yake hutegemea kuiona ncha ya kalamu pale inapogusa: mchora katuni, mchoraji wa vitabu vya watoto, mtengenezaji wa michoro inayotembea anayechora fremu moja baada ya nyingine, na mchoraji wa sura za watu.

Kishikwambi nacho kina watu wake. Kijana mmoja wa Nansio, Ukerewe, aliwahi kunipigia simu: "Shikamoo mwalimu, nimeshaweka akiba ya skrini ya inchi 16, niambie niagize ipi." Nikamwomba anieleze siku yake, naye akaeleza kwamba asubuhi yuko dukani kwa mjomba wake, mara mbili kwa wiki yuko kwenye kivuko, na usiku huchora kwa taa ya sola. Mtu huyo hakuhitaji kifaa chenye nyaya na adapta, alihitaji betri. Nilimshauri achukue kishikwambi chenye kalamu inayohisi mkandamizo, na ninamshauri hivyo kila anayechora akiwa safarini. Tahadhari hapa ni mbili. Kwanza, kalamu yenye ncha ya mpira inayouzwa mitaani kwa bei ya chini haihisi mkandamizo hata kidogo, kwa hiyo kishikwambi cha kawaida hakigeuki kuwa cha mchoraji kwa kununuliwa kalamu hiyo. Pili, Apple Pencil zina matoleo kadhaa na si kila toleo hukubaliana na kila iPad. Anayenunua kwa mtu aliyekwisha kuvitumia avione vyote viwili vikifanya kazi pamoja kabla ya kutoa fedha.

Hatua ya pili: kagua kompyuta uliyonayo

Skrini za kuchorea huunganishwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni waya wenye vichwa vitatu, ambapo kimoja huingia kwenye HDMI kupeleka picha, cha pili kwenye USB kupeleka taarifa za kalamu, na cha tatu kwenye umeme. Njia ya pili ni waya mmoja wa USB-C unaobeba vyote. Njia hiyo ya pili ni nadhifu sana, lakini ndiyo inayowaangusha wanunuzi wengi, kwa sababu umbo la tundu la USB-C halielezi uwezo wake. Tundu linaloweza kupitisha picha mara nyingi huwa na alama ya radi pembeni, au alama ya herufi D iliyobeba P, lakini watengenezaji wengine hawachori alama yoyote hata pale uwezo upo.

Kipimo cha uhakika ni hiki. Azima adapta ya USB-C kwenda HDMI, iunganishe kompyuta yako na televisheni ya nyumbani au ya jirani, kisha tazama. Picha ya kompyuta ikitokea kwenye televisheni, tundu lako linapitisha picha na skrini ya waya mmoja itakufaa. Isipotokea, nunua skrini inayokubali HDMI, na uhakikishe kabla ya kulipa kwamba waya wa vichwa vitatu umo ndani ya boksi. Usishawishike kununua waya wa bei ndogo unaodaiwa kugeuza HDMI kuwa USB-C, maana mwelekeo huo unahitaji kigeuzi chenye saketi yake na umeme wake, na waya mtupu hauwezi kuifanya kazi hiyo.

Baada ya matundu, tazama kumbukumbu ya kompyuta, yaani RAM. Hapa ni vizuri kupiga hesabu badala ya kusikiliza uvumi. Ukurasa wa A3 unaokusudiwa kuchapwa kwa doti 300 kwa inchi una pikseli 3508 kwa 4961, ambazo ni zaidi ya milioni 17. Kila pikseli ya kawaida yenye rangi tatu na kiwango cha uangavu huchukua baiti nne, kwa hiyo tabaka moja lililojaa, yaani moja ya kurasa angavu zinazopangwa juu ya nyingine kuunda mchoro, huchukua takribani megabaiti 70. Mchoro wa tabaka thelathini unaweza kukaribia gigabaiti mbili, na hapo bado hujahesabu kumbukumbu ya hatua za kurudi nyuma wala mfumo wenyewe wa kompyuta. Gigabaiti 8 zinatosha kuanzia kwa kazi za A4. Anayechora mabango na vitabu atafute 16. Ikiwa kompyuta yako ina gigabaiti 4 na huganda ukifungua tabaka la kumi, fedha ya kwanza iende kwenye kompyuta, na skrini isubiri. Najua ushauri huu hauwafurahishi watu, lakini skrini nzuri iliyoungwa na kompyuta dhaifu hukupa mstari unaofuata kalamu kwa kuchelewa, na hakuna mkono unaoweza kuchora vizuri hivyo.

Hatua ya tatu: pima umeme wako

Soma maandishi yaliyo nyuma ya adapta ya skrini. Yakionyesha volti 12 na ampea 2, zidisha, utapata wati 24, ambazo ndizo upeo wa matumizi yake. Ukichora kwa saa nane umetumia wati-saa 192, yaani takribani moja ya tano ya uniti ya LUKU. Gharama hiyo ni ndogo. Neno zito ni kukatika kwa umeme katikati ya kazi, kwa sababu kompyuta mpakato itaendelea kwa betri yake lakini skrini ya kuchorea, ambayo kwa kawaida haina betri, itazimika papo hapo.

Skrini ndogo za waya mmoja wa USB-C huweza kupata umeme kutoka kwenye kompyuta yenyewe, na hilo ni jambo jema wakati wa giza, lakini lina bei yake. Chukua betri ya wati-saa 45: kompyuta inayotumia wati 15 peke yake ingedumu saa tatu, na ukiiongezea skrini ya wati 12 muda huo hushuka hadi saa moja na dakika arobaini. Mwenye skrini kubwa ya inchi 22 au 24 hana njia hiyo, kwa hiyo atenge fedha ya UPS, yaani kifaa chenye betri ya akiba, ambayo itampa nafasi ya kuhifadhi kazi na kuzima vifaa kwa utulivu.

Kuna jambo jingine la umeme ambalo wengi hulichukulia kuwa ni ubovu wa kalamu. Ukichora mstari taratibu na mstari ukatetemeka kama umechorwa ndani ya gari linalopita Usagara kwenye matuta, chomoa chaja ya kompyuta na uchore tena. Mtetemo ukitoweka, kosa si la kalamu: chaja inaleta kelele za umeme, mara nyingi kwa sababu soketi haina waya wa ardhi au ekstensheni ni duni. Mwite fundi umeme atazame waya wa ardhi wa nyumba yako kabla hujagombana na aliyekuuzia skrini.

Nasi tunaoishi kando ya Ziwa Viktoria tunazijua mvua za radi zinazoanza usiku na kufikia alfajiri. Wakati wa radi chomoa adapta ya skrini na chaja ya kompyuta ukutani, usitosheke na kuzima swichi, kwa kuwa skrini na kompyuta zimeungwa pamoja, na dhoruba ya umeme inayoingia kwenye kimoja huweza kupitia waya na kuua cha pili.

Hatua ya nne: pima meza, mwanga na ukubwa

Inchi zinazotajwa hupimwa kutoka kona hadi kona, na kwa mchoraji namba hiyo haielezi mengi. Ni afadhali kuifikiria kwa karatasi. Skrini ya inchi 13.3 ina upana wa takribani milimita 294 na kimo cha 165, yaani upana wa A4 iliyolazwa lakini iliyokatwa juu. Ya inchi 15.6 ina milimita 344 kwa 194. Ya inchi 21.5 hufikia milimita 476 kwa 268, ambazo huzidi A3 kwa upana na kupungua kwa kimo. Kata maboksi kwa vipimo hivyo, yaweke mezani pako pamoja na kompyuta na kikombe chako cha chai, kisha ujifanye unachora kwa nusu saa. Zoezi hili halina gharama, nami sijaona jingine linaloamua suala la ukubwa haraka kama hili.

Maoni yangu ni kwamba inchi 16 ndizo zinazowafaa wengi wetu. Inchi 13 hubebeka, lakini menyu za programu hula nafasi, na mchoraji huchora kwa kifundo cha mkono tu. Inchi 22 humruhusu kutumia bega na kiwiko, jambo linaloleta mistari hai, ila zinahitaji meza ya kudumu, stendi imara na mtu asiyehamahama. Idadi ya pikseli nayo iendane na ukubwa: pikseli 1920 kwa 1080 huonekana safi kwenye inchi 13 na hukubalika kwenye inchi 16, ambapo kila inchi hupata pikseli zipatazo 141, lakini kwenye inchi 22 hubaki takribani 102 tu na anayeinama karibu huanza kuziona moja moja. Kwa ukubwa huo tafuta angalau 2560 kwa 1440.

Mwanga wa hapa ni mkali, hasa kwa nyumba zilizo mlimani zinazotazama ziwa, ambako jua hupiga maji na kurudi dirishani. Skrini nyingi za kuchorea zina mng'ao wa niti 200 hadi 250, kiasi kinachofaa chumbani lakini kinachozidiwa kabisa na mwanga wa barazani. Meza ikae ubavuni mwa dirisha. Dirisha likiwa nyuma yako utaona uso wako mwenyewe kwenye kioo, na likiwa mbele yako macho yatachoka. Usiku hali hugeuka, kwani skrini inayowaka kwenye chumba chenye dirisha wazi huwaita wale vijidudu vya ziwani wanaokuja kama wingu la moshi. Weka wavu dirishani, na wakitua juu ya kioo wapulize, usiwafute kwa kitambaa kikavu, maana huacha mafuta na kuyasambaza mahali unapochora.

Hatua ya tano: chunguza kalamu na kioo

Hapa ndipo skrini moja inapotofautiana na nyingine kwa kweli, na ndipo matangazo yanapopiga kelele zaidi kuhusu yasiyo na uzito.

Skrini nyingi za leo hutumia kalamu isiyo na betri. Chini ya kioo kuna wavu wa nyaya nyembamba unaotoa mawimbi ya sumakuumeme. Koili iliyomo ndani ya kalamu huyapokea na kuyaitikia, na kwa itikio hilo kifaa hutambua kalamu iko wapi, imeinama kiasi gani na imekandamizwa kwa nguvu gani. Kampuni ya Wacom ya Japani, iliyoanzishwa mwaka 1983, ndiyo iliyoutawala ufundi huu kwa muda mrefu, na leo kampuni za Kichina kama Huion na XP-Pen nazo hutengeneza kalamu zisizo na betri kwa bei ya chini zaidi. Kumbuka kwamba kalamu haziazimani: ya kampuni moja haifanyi kazi kwenye skrini ya kampuni nyingine, na hata ndani ya kampuni moja matoleo hutofautiana.

Namba inayotangazwa kwa herufi kubwa ni viwango vya mkandamizo: 4096, 8192, na sasa 16384. Kati ya 8192 na 16384 sijawahi kukutana na mkono uliohisi tofauti, na wa kwangu hauihisi. Kinachohisiwa ni uzito wa kuanzia, yaani nguvu ndogo kabisa ambayo kalamu huanza kuacha alama. Ishike kalamu kwa wepesi, iache ipite juu ya kioo karibu kwa uzito wake yenyewe. Ikiacha uzi mwembamba usiokatika, hiyo ni kalamu ya kuchorea nyusi, nywele na mawimbi ya mbali. Ikikulazimu kubonyeza ndipo wino utoke, utachoka kidole cha shahada kabla ya mwezi kwisha, hata kama boksi limeandikwa 16384.

Jambo la pili ni umbali kati ya ncha na mstari. Kwenye skrini ambazo kioo cha juu kimeachana na paneli ya picha kwa tabaka la hewa, ukiitazama ncha kwa upande utaona mstari unatokea pembeni yake kidogo, kama mvuvi anayemwona samaki mahali ambapo hayupo. Kwenye skrini ambazo kioo kimegandishwa na paneli, mwachano huo karibu hutoweka. Usidhani kwamba jina kubwa au bei kubwa hukuhakikishia hili: Cintiq 16 ya Wacom ya mwaka 2019, ambayo ni kifaa imara chenye kalamu nzuri sana, haikuwa na kioo kilichogandishwa, wakati Huion Kamvas 13, iliyo ndogo na ya bei nafuu, ilikuwa nacho. Soma maelezo ya toleo husika, si sifa za kampuni.

Uso wa kioo nao una tabia yake. Kioo kilichokwaruzwa kwa ufundi au kilichobandikwa filamu isiyong'aa huipa ncha mkwaruzo mdogo unaofanana na karatasi, na hupunguza mwakisiko. Lakini uso huo pia hula ncha haraka na kuifanya picha ionekane kama ina chembechembe. Filamu hubadilishwa, kioo kilichokwaruzwa hakibadilishwi. Kwa vumbi letu la kiangazi, ambalo hukwama chini ya ncha na kukwaruza, ninapendelea filamu, hata kama haipendezi machoni kama kioo.

Hatua ya sita: rangi

Tafuta paneli ya aina ya IPS, ambayo rangi zake hazibadiliki ukiitazama kwa upande, na inayofikia karibu eneo lote la rangi za sRGB, yaani kiwango cha kawaida cha rangi za skrini. Maelezo yakisema asilimia 72 ya NTSC, ambacho ni kipimo kingine cha eneo la rangi, chukulia kwamba ni karibu sawa na sRGB nzima. Yakisema asilimia 120 ya sRGB, maana yake skrini ina rangi kali kuliko kiwango hicho, na usipochagua hali ya sRGB kwenye menyu yake utachora ngozi ya mtu ukidhani imekolea, kisha mteja aifungue kwenye simu aione imepauka.

Wanaochora kwa ajili ya fulana, vitenge na mabango ya maduka wakumbuke kwamba wino una uwezo mdogo kuliko mwanga. Buluu ya ziwa uliyoipenda kwenye skrini, na kijani cha mpunga unaochipua, hutoka kwenye mashine zikiwa zimefifia, hata kama skrini ni ya bei ya juu kiasi gani. Chora ukanda wa miraba ya rangi unazozitumia sana, uuchapishe kwa mchapaji wako wa kila siku, na uubandike kando ya meza. Utakusaidia kuliko asilimia zozote.

Hatua ya saba: kununua

Usitumie fedha yote kwenye skrini. Mimi hutenga robo ya bajeti kwa vinavyoizunguka: stendi, waya wa akiba, ncha, filamu, glavu ya vidole viwili, na ulinzi wa umeme. Ukiagiza kutoka nje ya nchi, mwombe wakala wa forodha makadirio ya ushuru na kodi kabla hujalipa, uyajumlishe na usafirishaji, kisha ulinganishe na bei ya Dar es Salaam au Nairobi. Mara nyingine tofauti huwa ndogo kuliko thamani ya kuwa na mtu wa kumrudishia kifaa kikiharibika. Dai risiti halali na waranti iliyoandikwa, na uulize wazi nani atagharimia kukirudisha kutoka Mwanza.

Skrini iliyokwisha kutumika inaweza kuwa neema. Cintiq 13HD iliyotoka mwaka 2013, yenye viwango 2048 tu, bado huchora vizuri mikononi mwa anayejua kuchora. Lakini kabla ya kununua hakikisha programu endeshi yake, yaani ile inayoiwezesha kompyuta kuielewa skrini na kalamu, bado inakubali mfumo wa kompyuta yako, kalamu ni ileile iliyozaliwa nayo, na tundu la waya halichezi, kwa sababu hapo ndipo nyingi hufia.

Uwe dukani au nyumbani kwa muuzaji, ijaribu hivi. Jaza skrini rangi nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na buluu kwa zamu, utafute doti zilizokufa. Weka rula kwa mshazari na upige mistari mitano polepole kutoka kona hadi kona. Ikitokea kama ngazi au kama nyoka, rudia bila chaja. Chora viduara vidogo kwenye pembe zote nne, maana usahihi wa kalamu hupungua pembeni kabla ya kupungua katikati. Laza kalamu na uone kama brashi inafuata mwinamo. Iache ikiwaka nusu saa, kisha uiguse pale mkono utakapolala. Muuzaji akikunyima nusu saa hiyo, nenda kwa mwingine.

Hatua ya nane: siku ya kwanza mezani

Kabla ya kuunganisha chochote, ondoa programu endeshi za ubao wowote uliowahi kuutumia, kwa sababu mbili zikikaa pamoja hupigania kalamu na mkandamizo hupotea. Pakua ile mpya kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji, isakinishe, uwashe kompyuta upya, ndipo uunganishe skrini. Kwenye kompyuta za Apple utaombwa kutoa ruhusa katika mipangilio ya faragha. Usipoitoa, kalamu haitasogeza kitu. Watumiaji wa Linux watakuta vifaa vya Wacom vimekwisha kutambuliwa na mfumo wenyewe, na kwa kampuni nyingine kuna programu huria ya OpenTabletDriver inayokubali vifaa vingi.

Ukigusa skrini na mshale ukatokea kwenye kompyuta, usishtuke, kwani hilo humpata karibu kila mtu. Ingia kwenye programu endeshi uchague skrini ambayo kalamu inapaswa kuitawala. Kisha sawazisha kalamu ukiwa umeketi kama unavyoketi siku zote, stendi ikiwa kwenye pembe yako ya kila siku. Ukisawazisha ukiwa umesimama, ncha itakosa shabaha ukiketi. Mwisho rekebisha mkunjo wa mkandamizo, yaani mpangilio unaoamua nguvu ya mkono igeuke mstari mzito kiasi gani: mwenye mkono mwepesi aulainishe, mwenye mkono mzito aukaze, na wote wachore kwa siku mbili kabla ya kuugusa tena.

Huna haja ya kununua programu ya kuchorea siku hiyo. Krita hutolewa bure na inafanya kazi na rangi za uchapaji, na OpenToonz, nayo ya bure, inafaa kwa michoro inayotembea.

Weka boksi na risiti mpaka muda wa kurudisha upite. Ipapase ncha kila wiki: ikichongoka upande mmoja kama patasi, ibadilishe kabla haijakata filamu. Na ukimaliza kazi usiisimamishe kalamu ndani ya kikombe ncha ikiwa chini, kwa kuwa uzito wake huendelea kukikandamiza kihisi cha mkandamizo kilichomo ndani yake usiku kucha. Ilaze, au iweke kwenye kishikio chake ncha ikiwa haigusi kitu.